Kumuuguza Mke na Kutafuta Riziki: Lipi Litangulie?

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Limetufikia suala kutoka kwa ndugu yetu mmoja Mwislamu akaaye Khayega, mji mdogo wa soko ulio kusini ya Kakamega, kando ya njia kuu iendayo Kisumu. Asema yeye ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi, huingia kazini saa mbili za asubuhi na kutoka saa kumi na moja za jioni. Mkewe, aliyekaa naye zaidi ya miaka thalathini, amepatwa na maradhi ya kusahau. Alianza kwa kusahau chungu jikoni, kisha akawa hatambui siku, na sasa huanza Alhamdu asiimalize, na mara nyingine humwuliza mumewe, "Wewe u nani?" Amekwisha kutoka nyumbani mara mbili akaonekana ukingoni mwa barabara ambayo malori hayakatiki usiku wala mchana. Basi mumewe, kwa khofu, humfungia ndani kwa kufuli aendapo kazini.

Atuuliza: Je, apata dhambi kwa kumwacha na kwenda kutafuta riziki? Na akiacha kazi, watakula nini? Na yajuzu kumfungia? Tena jamaa zake wamemshauri amwache, au aoe mke wa pili wa kumtumikia huyu, na baadhi ya majirani wamesema mama huyu amerogwa.

Tumeona jibu la suala hili tuliandike kwa wote, wala tusimpelekee yeye peke yake. Kwani ijapokuwa barua imetoka Khayega, nyumba za namna hii tunazo hapa kwetu pwani, katika kila mtaa, isipokuwa milango yake imefungwa na sisi twapita nje tukitoa salamu.

Maulamaa wasema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi tuyajue kwanza maradhi haya. Madaktari huyaita dimenshia, nayo ni kuharibika kwa ubongo kidogo kidogo, hata mtu akapotewa na kumbukumbu, na maneno, na njia ya nyumbani kwake, na mwisho asiweze kula wala kujisafisha bila ya mtu. Aina iliyo nyingi kuliko zote imeitwa kwa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani, ambaye mwaka 1906 alieleza aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke mmoja aliyekuwa na hali hii. Shirika la Afya Duniani lilihisabu kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi haya ulimwenguni, na wengi wao wamo katika nchi zisizo tajiri kama zetu. Dawa ya kuyaondoa haijapatikana. Lakini si kila msahaulifu ndiye mwenye dimenshia: kuna kusahau kunakoletwa na upungufu wa vitamini, au na ugonjwa wa tezi ya shingo, au na huzuni nyingi, au na dawa ambazo mtu anazitumia, na hayo hutibika. Kwa hivyo wajibu wa kwanza ni kumpeleka mgonjwa kwa daktari, wala haidhuru ikiwa hospitali ni ya Wakristo. Mtume wetu, S.A.W., alipohama kwenda Madina alimkodi Abdallah bin Uraikit awe kiongozi wa njia, naye siku hizo hakuwa Mwislamu. Alimwamini kwa ujuzi wake na uaminifu wake.

Ama habari ya kurogwa, twamwomba ndugu yetu asiisikilize hata kwa sikio moja. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya An-Nahl, aya ya 70, na katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 5, kwamba wamo miongoni mwetu watakaorudishwa katika umri ulio dhaifu kabisa, hata wawe hawajui kitu baada ya kuwa walijua. Jambo lililotajwa na Mola wetu kuwa ni katika safari ya mwanadamu, kwa nini sisi tulipeleke kwa mganga akatuchinjishe mbuzi na kututajia jina la jirani? Nasi watu wa pwani tunayo ya kutuonya karibu: huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya maneno hayo palikuwa na tamaa ya shamba. Mzee asemaye peke yake na kutangatanga usiku ni mgonjwa wa kuhurumiwa. Amtajaye kwa uchawi huenda ametia saini kifo chake.

Sasa tulijie lenyewe. Watu wengi hudhani hapa pana mizani yenye visahani viwili, kimoja kazi na kimoja mgonjwa, na mume amesimama peke yake katikati, akizidisha huku anapunguza kule. Sisi twaona kosa limo katika kuiweka mizani hiyo mkononi mwa mtu mmoja. Na dalili yetu ni kisa cha Sayyidna Uthman bin Affan, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie.

Mwaka wa pili wa Hijra Waislamu walitoka kwenda Badri. Walikuwa kiasi cha watu 313, na ngamia 70 wakipokezana kuwapanda. Hapajakuwa na siku ambayo Uislamu ulihitaji mtu mmoja zaidi kama siku hiyo. Hata hivyo Bibi Rukayya, binti wa Mtume na mke wa Uthman, alikuwa mgonjwa Madina, na Mtume akamwamrisha Uthman abaki amuuguze. Akamwambia kuwa atapata thawabu za aliyehudhuria Badri, na fungu lake pia. Bibi Rukayya alifariki katika ugonjwa ule, na ngawira ilipogawanywa fungu la Uthman lilitolewa. Miaka mingi baadaye mtu mmoja kutoka Misri alimtia ila Uthman mbele ya Abdallah bin Umar kwa kuwa hakuonekana Badri, na Abdallah akamweleza sababu, ili arudi kwao na ukweli. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari.

Tuzingatie, ndugu zetu, mambo matatu katika kisa hiki.

La kwanza, kumuuguza mke kulihisabiwa ni kuhudhuria. Uthman hakusamehewa kama asamehewavyo mtu aliyekosa. Aliandikwa pamoja na waliokwenda. Basi mume ashikaye kijiko akamlisha mkewe, akamwosha na kumbadilisha nguo, asione kuwa amekaa bure hali wenziwe wanafanya kazi. Yumo kazini. Wala asione haya, kwani Bibi Aisha ameeleza kwamba Mtume alipokuwa nyumbani alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali.

La pili, fungu lake halikukatwa. Nalo lilitoka wapi? Lilitoka katika yale waliyoyapata waliokwenda. Yaani aliyebaki kwa ajili ya mgonjwa alilishwa na jasho la wenzake, wala hapana aliyenung'unika. Hapa ndipo penye moyo wa jibu letu, nasi tutapajia tena.

La tatu, Uthman hakujificha akabaki. Alibaki kwa amri na kwa kujulikana. Mwenye kuajiriwa amefunga mkataba, na Sura ya Al-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Kutoroka kazini kila siku kwa siri, au kumwandikisha mwenzio kuwa upo nawe haupo, ni khiyana hata kama wenda kwa mgonjwa. Mwambie tajiri wako habari yako wazi, uombe kupunguziwa saa, au kubadilishiwa zamu, hata kwa mshahara mdogo zaidi.

Huenda mtu akasema: Bibi Rukayya aliugua kwa muda mfupi, na maradhi haya huchukua miaka. Kweli, na tofauti hii ni kubwa. Ugonjwa wa siku kumi huweza kubebwa kwa subira ya mtu mmoja, ama ugonjwa wa miaka kumi haubebeki ila kwa nidhamu ya watu wengi. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka, na likizo ya ugonjwa wake yeye mwenyewe, na likizo ya mwenye kujifungua. Siku za kumuuguza mke haikuziweka. Twatumai watunga sheria watalitazama jambo hili. Lakini tajiri Mwislamu hana haja ya kungoja Bunge, kwani jeshi la Badri lilikuwa na haja ya mtu kuliko duka lake.

Na vitabu vyetu vya fiqhi havikulisahau jambo hili. Imam Nawawi katika Minhaj amehisabu katika nyudhuru za kuacha sala ya jamaa kuwako kwa mgonjwa asiye na wa kumtazama, au mgonjwa anayepata utulivu kwa kuwako kwako. Maneno haya ya pili ni ya thamani kubwa kwa mwenye mke wa namna hii, ambaye pengine hamjui tena mumewe kwa jina, lakini akisikia sauti yake hutulia. Tena katika mlango wa nafaka imeelezwa kuwa mke aliyezoea kujitumikia mwenyewe, akihitaji mtu wa kumtumikia kwa sababu ya maradhi au ulemavu wa kudumu, ni wajibu juu ya mume kumpatia. Tazama hekima hii: sharia haikumlazimisha mume awe yeye mwenyewe mikono yote miwili kutwa na kucha. Imemlazimisha kwamba mikono ipatikane. Basi kazi yake ya mshahara si adui wa uuguzi wake, ikiwa katika mshahara huo hulipwa wa kumtazama mgonjwa. Saa zile za dukani ni sehemu ya kumuuguza. Huwa dhambi pale anapochuma zaidi ya haja hali mgonjwa hana mtu, au anapoifanya kazi kuwa pahali pa kumkimbia.

Ni kweli kwamba baadhi ya vitabu vya zamani havikumwajibisha mume gharama za tabibu na dawa za mkewe. Wako watakaolishika neno hili kama ngao. Sisi twawaambia kuwa maulamaa wale walihukumu kwa desturi ya zama zao, ambapo dawa ilikuwa ni jambo la mara moja moja. Sheikh Wahba az-Zuhayli, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 2015, ameeleza kuwa katika zama zetu dawa imekuwa haja ya lazima kama chakula, kwa hivyo ni juu ya mume. Nasi twaona hili ndilo la haki. Haifai mtu atumikiwe na mkewe alipokuwa na nguvu, kisha alipougua amfungulie kitabu.

Sasa tumjibu ndugu yetu suala la kufuli. Kumzuia mgonjwa asitoke barabarani, pamoja na mtu wa kumtazama ndani, ni kumlinda. Kumfungia peke yake tangu asubuhi hata jioni hakufai. Moto ukiwaka nani atamtoa? Akianguka nani atamwinua? Mtume ametueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Hatumfananishi ndugu yetu na mwanamke yule, kwani yeye amefunga kwa khofu na huruma, lakini khofu haiubadilishi ukuta ukawa mtu. Aweke ua na komeo la juu lisilofikiwa kwa urahisi, na kengele mlangoni. Aandike jina na nambari ya simu ashone katika pindo la leso ya mkewe. Awajulishe majirani, na wenye maduka, na vijana wa bodaboda walioko njiapanda, wamjue kwa sura. Siri ndiyo inayomwua mgonjwa wa namna hii. Mtaa mzima ukimjua, hapotei.

Na katika yale asemayo mgonjwa na ayatendayo, asikasirikiwe. Kalamu imeondolewa kwa aliyepotewa na akili mpaka imrudie, kama ilivyopokewa katika Hadithi. Asiyeweza kuimaliza Alhamdu kwa kupotewa na akili hana wa kumhisabu, basi asiwe mumewe ndiye wa kumhisabu.

Ama shauri la kuoa mke wa pili ili amtumikie wa kwanza, twasema: kuoa ni halali kwa mwenye kuweza uadilifu, lakini mke si mtumishi wa mke mwenzake, wala fiqhi haikumwajibisha hilo. Amwoaye mtu huku akimficha kuwa amletea kazi amemdanganya. Na mke mgonjwa ana haki ya zamu yake kama mzima. Ama talaka, ijapokuwa imo mkononi mwa mume, na atazame anamtupa wapi mtu ambaye hajui hata njia ya kwa wazazi wake. Katika aya ya 237 ya Sura ya Al-Bakara, ambayo yahusu talaka yenyewe, tumekatazwa kusahau wema uliopita baina yetu. Yeye mke amesahau kwa maradhi. Mume mzima wa akili ana udhuru gani wa kusahau?

Hayo ni ya mume. Na mara nyingi mambo huwa kinyume: mume ndiye asahauye, na mke ndiye auzaye mahamri alfajiri, au afundishaye skuli, akarudi mchana kumwosha. Kwa wanawake hawa tuna maneno mawili. La kwanza, nafaka si wajibu juu ya mke, kwa hivyo anachokitoa ni sadaka. Bibi Zainab, mke wa Abdallah bin Masud, aliuliza kama yafaa kumpa mumewe na mayatima alionao nyumbani, na jibu la Mtume lilikuwa kwamba ana ujira wa aina mbili, wa ujamaa na wa sadaka. La pili, wako wanawake waliotaabika nafsi zao kwa sababu mume aliyepotewa na akili amewatamkia talaka kwa hasira. Talaka ya asiye na akili wakati wa kutamka haipiti. Asihame nyumba kwa neno hilo, na akiwa na shaka aende kwa Kadhi. Na mali ya mgonjwa pia ipelekwe kwa Kadhi awekwe msimamizi mwaminifu, kabla hawajatokea wenye kumshika mkono mzee atie alama ya dole gumba katika karatasi asizozijua.

Sasa turudi kwenye fungu la Uthman. Tumesema mizani isiwe mkononi mwa mmoja. Basi mikono mingine ni ya nani?

Kwanza ni ya watoto. Kuwatazama wazazi wakiwa wazee kumetajwa katika Sura ya Al-Isra pamoja na kumwabudu Mungu. Mtoto aliye Nairobi au Ghuba akituma pesa kwa simu amefanya wema, na pesa hizo zilipe ujira wa mtazamaji. Lakini baba naye ahitaji kulala usiku mmoja bila ya kuamka. Waje kwa zamu, mwana wa kiume na wa kike sawasawa, wala asiachiwe binti mmoja asiyeolewa kana kwamba wengine hawakuzaliwa na mama huyo.

Pili ni ya serikali, kwa kiasi ilichokiweka. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee walioandikishwa, waliotimia miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini asiyeandikisha mzee wake ameacha hata kidogo hicho.

Tatu ni yetu sisi, jamaa wa msikiti. Wengi wetu twadhani masikini ni yule akaaye mlangoni amenyoosha mkono. Katika madhehebu yetu ya Shafi, masikini ni hata mwenye kazi, ikiwa pato lake halitoshi haja zake. Na mtumishi wa mgonjwa ni katika haja. Basi karani mwenye mshahara mdogo na mke asiyejiweza aweza kuwa mstahiki wa zaka. Badala ya kugawa zaka yetu shilingi hamsini hamsini kwa safu ndefu katika Ramadhani, picha zikipigwa, tungewalipia watu watano mwaka mzima mtazamaji wa mchana, nao wakabaki katika kazi zao na heshima zao. Na asiye na mali ana saa mbili. Wanawake watatu wa mtaani, kila mmoja mchana mmoja kwa wiki, ni michana mitatu aliyopata mtu kwenda kazini bila ya kufuli. Na majirani wa Khayega wasio Waislamu wakinyoosha mkono, na upokewe kwa shukrani, nao warudishiwe wema. Haki ya ujirani haikuuliza dini.

Kuuguza mgonjwa ni faradhi ya kutoshelezana: wakisimama wa kutosha huwaondokea wengine, na wasiposimama huwalemea wote waliojua wakaweza. Hivyo ndugu yetu wa Khayega akituuliza kama ana dhambi, twamjibu: ukiwa umemwambia tajiri wako, ukawaita watoto wako, ukatafuta wa kumtazama kwa kadiri ya mfuko wako, kisha ukatoka kwa kiasi cha riziki tu na kurudi upesi, huna dhambi inshallah, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Na ukibaki peke yako baada ya hayo yote, dhambi haikupotea. Imehamia katika nyumba zilizo kando yako, na katika msikiti ambao watu wake waliona nafasi yako tupu katika safu wasiulize ulikuwa wapi.

Basi kila mmoja wetu, baada ya sala ya leo, na ajiulize ni nani ambaye siku hizi haonekani. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie sisi tuwe katika wenye kuwatolea fungu lao. Amin.